Kizingiti

Nyumba ya stesheni masta hufunguliwa saa tatu.
Ufunguo ninao mimi, Ndeshi wa Aikande,
nimeufunga kitambaa chekundu nisiusahau sokoni.
Kiingilio elfu mbili, mwanafunzi mia tano,
mtoto wa mgongoni bure.

Naanza pale ilipoandikwa nianze:
bati hili lilipanda na reli kutoka Tanga,
mbao hizi ni mvule,
saa hii ya ukutani ilisimama saa nane na robo
(haikusimama, tuliisimamisha,
ilikuwa ikigonga ovyo na kuwashtua wageni).
Hiki ndicho kiti cha Bwana Lobo. Kamba msivuke.
Hiki ni kitabu chake cha ratiba,
treni za karatasi, hazijachelewa hata moja.

Mwaka juzi alikuja mtaalamu, Tumsifu, kijana mpole,
akakwangua ukuta kwa kisu kidogo
kama anayemenya kitunguu asitake kulia,
akasema rangi ya asili ni ya maziwa.
Nikamwambia, shuka hadi usawa wa goti.
Akashuka, akakuta kijani,
kijani cha jani la mgomba kabla halijakunjuka.
Ukuta wa chini ulipakwa rangi ya kuficha madoa,
na aliyeyajua madoa ni mwenye tambara.
Akaandika kwenye daftari: *chanzo, mlinzi.*

Jumanne walikuja wa darasa la nne, thelathini na saba,
sweta za buluu, viatu vimejaa tope la Moshi.
Mmoja, meno ya mbele hana, akauliza:
"Sasa bibi, walikuwa wanapikia wapi?"

Nimeifanya kazi hii masika kumi na mawili.
Kwenye karatasi yangu hakuna jiko.

Jiko lilikuwa nyuma, kule penye masale,
chumba cha udongo, paa la madebe yaliyofunuliwa.
Mama alilala humo, nami nikalala humo,
kichwa kwenye gunia la mkaa, masikio mtoni.
Usiku ule Mto Njoro ulipanda bila kubisha hodi,
ukachukua jiko, kinu, pasi, kuku wawili.
Nyumba kubwa ulilowesha ngazi ya kwanza tu.
Asubuhi Bwana Lobo aliuliza habari za kuku.

Waliokuja kuhifadhi walihifadhi kilichobaki.
Siwalaumu. Mtu hupaka chokaa anachokiona.

Nikafunga mlango saa tano na nusu, kinyume cha kanuni,
nikawateremsha watoto wameshikana sweta
hadi pale mto unapokata kona.
Kuna jiwe bapa pale, lina kibonde katikati.
Mama alinolea kisu hapo kila alfajiri
kabla treni ya Voi haijapiga honi.
Ni kizingiti cha jiko. Mto ulikibeba hatua mia mbili,
ukachoka, ukakitua.

Hapa hakuna kamba. Nikasema, guseni.
Vikaja vidole vyote kwa pamoja,
na yule asiye na meno akavua kiatu,
akatia kisigino kwenye kibonde, kikaenea.

Nilitaka kulitaja jina la mama
kwa sauti ile ya kazini, inayomtaja Bwana Lobo.
Halikutoka hivyo.
Lilitoka kama ninamwita aje kula.

Mwanamke aliyekuwa akifua,
shuka limemning'inia mkononi linachuruzika,
alitungoja kwa adabu, kitambo kidogo,
kisha akasema:
"Mama, mkimalizana na hilo jiwe mnisogezee,
jua linaondoka, na mimi nina jinzi tatu bado."